Salamu Hamna, Bei ya Mwisho Ipo

Hivi jamani, nani aliyewafundisha watu kuanza na bei ya mwisho? Ya kwanza haijatajwa, wao wanataka ya mwisho! Mtu katangaza kodiani yake ya mtumba, kile kinanda cha kuvuta na kusukuma, hata chai hajanywa, simu inaingia: "Mwisho ngapi?" Shikamoo hamna, habari za asubuhi hamna, kuuliza ina besi ngapi, vile vibonye vya mkono wa kushoto, hamna. Ukimjibu, swali la pili ni "Upo wapi?", la tatu si swali tena, ni "Nakuja", na hapo humwoni mpaka mwezi uandame.

Lakini na wauzaji nao tusiwapake mafuta. Soma tangazo lenyewe: "Kinanda kizuri kinauzwa, hakina shida." Kinanda kipi? Kwa Kiswahili chetu kinanda ni kile cha umeme cha kwaya, ni kodiani, na wazee wa pwani walikuwa na kinanda chao cha nyuzi. Mwalimu wa kwaya anakodi bajaji toka Mbagala, anafika anakuta kodiani na mvukuto wake, ile mikunjo ya kuvuta hewa. Na picha ni moja tu, imepigwa usiku, mtoto kaikumbatia kodiani mpaka haionekani. Andika besi ngapi, bwana! Ni 48, 72, 96, 120 au ngapi, na kuhesabu si kazi ya kuajiri mhasibu: ile kubwa ina safu 20 za vibonye sita sita. Piga picha ya mbele, ya nyuma, ya funguo za mkono wa kulia, na moja mvukuto ukiwa wazi ili pembe za mikunjo zionekane. Mvukuto uliofungwa kwenye picha ni mbuzi kwenye gunia. Huko ndani ndiko kunakokaa selotepu, plasta ya kidonda na tepu nyeusi ya umeme.

Halafu lile neno: "Inataka kutuniwa kidogo tu", yaani kurekebishwa sauti. Hilo "kidogo tu" limefilisi watu. Kodiani kubwa ina funguo 41. Kama ni ya sauti nne, kila ufunguo una sauti nne, na kila sauti ina ndimi mbili za chuma, mmoja unalia ukivuta na mwingine ukisukuma. Zidisha mwenyewe: ndimi 328, upande wa kulia peke yake, besi hatujazigusa. Fundi anakwangua ulimi mmoja mmoja. Nchani sauti inapanda, shinani inashuka, akizidisha kaharibu. Sasa hiyo "kidogo" iko wapi? Muuzaji anayejua kwamba sauti zimepotea aseme kabla ya bei, asisubiri mgeni agundue mbele ya jirani.

Na mafuta ya cherehani! Hewa yetu ya chumvi inakula chuma, kutu inaingia kwenye ndimi, basi mwenye mali anachukua kichupa cha mafuta ya cherehani anamimina kama anakaanga maandazi. Kwa siku tatu inalia. Baada ya hapo mafuta yanashika vumbi, ulimi unakuwa mzito na sauti inashuka. Vile vijingozi vyembamba vinavyoziba upande wa pili wa ndimi vinalowa na kuganda. Ukinusa kodiani ikanukia karakana, uliza kwa adabu: "Kaka, hii ilipakwa nini?" Ikinukia uvundo wa kabati la bibi, hiyo ni ukungu, na harufu hiyo hata uanike mwaka haitoki yote.

Kuna na ile inayokaa kwenye gari juani ikisubiri mteja. Mwenye mali anakunywa madafu kivulini, kodiani iko buti. Ndimi zimeshikwa kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na ulimbo, na nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi joto 60 na kidogo. Inalainika hata kabla ya hapo. Mteja akija, ndimi zimehama nyumba. Kuna nyingine haikuona jua, ila nta imezeeka ikakauka kama mkate wa juzi. Igeuze polepole usikilize. Ikisema kachakacha, ndani kuna kitu kimeng'oka, usibishane nayo.

Sasa mnunuzi, njoo hapa nikuseme. Kujaribu ni haki yako, kuvunja si haki yako. Watu wanaivuta kodiani kama wanafungua geti la gereji! Kwanza fungua vile vikanda viwili vinavyobana mvukuto, juu na chini. Kisha bonyeza kibonye cha hewa, pale dole gumba la kushoto linapokaa, ndipo uvute. Bila kubonyeza chochote hewa haina pa kupita, nguvu zote zinaishia kwenye mikunjo. Ukimaliza ishike upande wa funguo, upande wa besi uachie uning'inie wenyewe, usibonyeze kitu. Ikishuka taratibu kama mzee anayekaa kwenye mkeka, mvukuto ni mzima. Ikianguka pwaa, inavuja, na hapo ongea.

Baada ya hapo piga ufunguo mmoja mmoja, kwa kuvuta na kwa kusukuma, pole kisha kwa nguvu. Unaochelewa kuitika mara nyingi kijingozi chake kimejikunja. Besi zote 120 zinakula kwenye noti 12 tu, kwa hiyo noti moja ikifa, imekufa kwenye vibonye kadhaa. Ila bonyeza vibonye vyote hata hivyo, kwa sababu kuna vinavyozama visirudi. Toa simu uweke programu ya kutunia, uangalie noti ya la (A) iko hezi 440 au 442. Tofauti ni ndogo, lakini kwenye taarab kodiani haituniwi jukwaani, ni fidla na udi ndizo zinazoifuata. Na ukikuta sauti mbili tatu zimekaa katikati ya noti, usikimbilie kusema mbovu. Huenda ilipita Misri, kule huwa wanazitunia robo toni kwa ajili ya maqam zao, zile ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu.

Kazi yote hiyo ni nusu saa. Siyo saa mbili! Kuna mtu anakuja kujaribu, anapiga nyimbo nane, watoto wa mtaa wanacheza, chai inaletwa, halafu anasema "Nitarudi na mwalimu." Na mwalimu akija haongei. Anabonyeza, anasema "mmh." Anavuta, "mmh." Hiyo mmh ni shilingi ngapi? Kama kuna kasoro itaje, muuzaji aione, bei ishuke kwa sababu inayojulikana. Mkishapeana mkono, ndiyo basi. Usianze kukata nauli ya bajaji na umri wa mikanda.

Na muuzaji ukishapokea advansi, tangazo limekufa. Asije mwingine na elfu ishirini zaidi ukaanza kumwambia wa kwanza eti shangazi ameikatalia. Aliyesema tu "niwekee" bila kutoa hata senti mpe siku mbili, ya tatu kodiani ni ya yeyote.

Kusafirisha nako ni balaa. Inapakiwa kwenye buti ya basi, imelazwa kifudifudi, juu yake gunia la mkaa. Kodiani inasimama vile inavyokaa ikipigwa, ili vijingozi visining'inie vikapinda. Mnunuzi akipiga simu kesho yake, "ufunguo mmoja haulii", asiitwe mkorofi wala asimwite mwenzake tapeli. Mara nyingi ni uchafu tu umekaa kwenye ulimi. Ushikilie ufunguo huo, vuta na sukuma kwa nguvu mara chache, utaondoka.

Na mikanda ya mabegani, kwa nini muuzaji anaing'oa dakika ya mwisho? "Hii si yake." Si yake ya nani, wewe unavaa mikanda ya kodiani kwenda sokoni? Mwenzio anaondoka na mzigo wa kilo kumi umefungwa kamba ya katani. Tangazo nalo halifutwi. Wiki ya tatu simu inaingia alfajiri: "Bosi, bado ipo? Mwisho ngapi?"