Kwani Una Mtihani?

Mtu mzima ukionekana hapa Unguja umekaa na kitabu mkononi, watu wanakupimia mambo matatu. Ama una mtihani, ama mgonjwa daktari kakwambia upumzike, ama mmegombana nyumbani. La nne hawana. Kwamba kitabu chenyewe kitamu, na wewe unataka tu kujua nani kamuua nani, hilo haliwaingii akilini hata kwa dawa.

Mie nina kiduka cha vipuri vya vespa Mkunazini. Asubuhi biashara imelala, nafungua kitabu. Sijamaliza mstari, "Salamu alaykum." Naitikia. "Hujambo?" Sijambo. "Watoto?" Wazima. "Wa shamba?" Wazima pia. Kisha anakaa. Hataki plagi, hataki waya wa breki, kakaa tu. Ananitazama. "Unasoma?" Jamani! Kitabu kipo wazi, miwani ipo puani, midomo inachezacheza, atakuwa anadhani napepeta mchele? "Ehe," namjibu. "Kwani una mtihani?" Nina miaka 56, yakhe, mtihani wangu uliobaki ni wa kaburini.

Lakini inamia simu. Inamia simu saa nzima, kidole kinapanda kinashuka, uone kama kuna atakayekuuliza. Wanapita kwa adabu, wanakustahi, mtu yupo kazini.

Nyumbani ndiyo usiseme. Tunakaa Michenzani, ghorofa ya tatu. Juu wanatwanga, chini wanagombana, ubavuni tamthilia ya Kituruki inalia kwa Kiswahili toka magharibi mpaka watu walale. Haya yote nayamudu. Nisichokimudu ni mama watoto. Nikilala mchana, anawanyamazisha watoto: "Shh, baba yenu kachoka." Nikisoma, anasimama mlangoni na mbuzi ya kukunia: "Maadam hufanyi kitu, hebu nikunie nazi hii." Maadam hufanyi kitu! Nimo katikati ya maiti na kisu na mke wa mtu anayedanganya, naambiwa sifanyi kitu.

Nikajaribu kwenye gari. Gari ya 502 ya Bububu, mmekaa mmeelekeana, magoti yamepandana, kapu la mwani miguuni. Nikafungua. Jirani yangu wa kulia akainamisha shingo akaanza kusoma pamoja nami, bila ya salamu wala ruhusa. Sawa, elimu haina mwenyewe. Nafika chini ya ukurasa, nataka kufungua wa pili, ananishika mkono: "Ngoja kidogo." Nikangoja! Mimi mwenye kitabu, mimi niliyelipa, namngoja mtu amalize. Na alipofika kwake akashuka, kabla ya kushuka akaniuliza, "Kesho unapanda saa ngapi?"

Kwa hiyo niliposikia kwamba Kikwajuni kuna watu hukutana Ijumaa baada ya laasiri kuzungumza vitabu, nilisema alhamdulillahi, nimewapata wenzangu. Nikavaa kanzu safi, nikachukua kashata za watu kumi.

Yakhe, wale watu wanapenda vitabu. Wanavipenda kila pahala isipokuwa ndani.

Ijumaa ya kwanza mazungumzo yalikuwa unaweka alama gani pale ulipofikia. Laasiri mpaka karibu na magharibi! Kuna Bi Mwalimu, mstaafu wa skuli, yeye huweka utepe wa hariri, na anayekunja sikio la ukurasa humwita mkatili, mbele ya watu, bila ya kupepesa. Anayekunja yupo hapo hapo, dereva wa teksi, anasema kitabu si mgeni wa heshima, kitabu ni mali yake, atakikunja atakavyo. Ami mmoja wa Wete huweka tiketi ya boti, na anadai akipanda Malindi mpaka Mkoani humaliza riwaya nzima. Nikamuuliza, hata mkondo wa Nungwi? Hata mkondo wa Nungwi. Watu wamelala chini na mifuko yao wanatapika, yeye yupo sura ya tisa. Sikumwamini, lakini Mpemba hukatizwi akisimulia.

Ijumaa ya pili, kusoma kimoja kimoja au vingi pamoja. Kijana wa benki akasema yeye anasoma vinne kwa wakati mmoja. Vinne! Kimoja cha kitandani, kimoja cha kazini, kimoja cha kwenye gari, kimoja cha chooni, astaghfirullah. Nikamwambia, mwanangu, vinne umeruhusiwa kwa sharti la uadilifu, na wewe kile cha kitandani ndicho kinachokula zamu zote. Watu wakacheka, yeye akaona haya. Baadaye akaniambia pembeni kile cha chooni hajakigusa tangu Ramadhani.

Yupo na bibi mmoja, bibi wa heshima, uso wa ibada, husoma ukurasa wa mwisho kwanza. Anasema moyo wake hauna nguvu, hawezi kuishi na watu kurasa mia mbili hajui nani atakufa. Basi asome kimya, lakini hasomi kimya! Ukimwambia unasoma kitu fulani, anakushika kiganja kwa huruma: "Masikini yule kijana, na harusi yake karibu." Keshaniulia watu watatu yule bibi, na bado hunialika chai.

Halafu wapo wa kuhesabu. Mwaka jana nimesoma hamsini, mwaka huu nataka sitini. Mtu anasoma kwa kasi ya mtu aliyeacha chungu jikoni. Ukimuuliza kile cha Machi kilikuwa kinasema nini, anafungua daftari. Mie nikipata kitabu kitamu nakichelewesha, nikibakisha kurasa thelathini naanza kukikwepa, nafuta vumbi dukani. Siku ile niliyoyasema haya Kikwajuni nilitazamwa kama mtu aliyekiri deni.

Na wa PDF. Ah, hawa wana hesabu yao kwa Mungu. Kitabu hakijatajwa jina, "Nitumie PDF." Mwandishi kakesha miaka, mchapaji kachapa, kitabu kimevuka bahari kutoka Dar es Salaam, yeye anataka kiingie kwenye simu yake kwa bure, kikae, asikisome. Na mtu huyo huyo jioni utamkuta Forodhani anakula pweza kwa bei ya watalii na hasemi "nitumie picha".

Haya, tuje kwenye fahari. Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah alipopewa Nobeli ya fasihi, barazani hapakukalika. Mtoto wa Unguja! Kila mtu alikuwa jirani yao, kila mtu kacheza mpira na nduguye. Mie nikauliza, bila ya nia mbaya, wallahi: jamani, mmesoma kipi? Kimya. Muuza kahawa akagonga vikombe vyake. Mwishoe mzee mmoja akanijibu: "Sisi tunamjua mwenyewe. Vitabu vya nini?"

Nikawapa udhuru, kwa sababu yule bwana huandika Kiingereza. *Paradise* ilitoka 1994, na Kiswahili chake, *Peponi*, kilichofasiriwa na Ida Hadjivayanis, kikaja 2022. Miaka 28 Unguja inamngoja mwanawe aseme lugha ya kwao. Sasa kasema, udhuru umekwisha, nikajua watakinunua. Wakanunua. Kimoja. Kimezunguka Kikwajuni nzima, na kilipofika kwangu kilikuwa kinanuka urojo na kurasa za katikati zina alama za kidole cha bizari.

Ukitaja Adam Shafi, ndiyo kabisa. *Vuta n'kuvute* ni riwaya ya 1999, mji wetu huu huu, mitaa yetu hii hii. Kijana wa benki akanikata kauli: "Ile nshaiona." Kuiona! Filamu ya Amil Shivji ya 2021 nzuri, sikatai, mie mwenyewe niliikodolea macho, lakini mwenye kuonja mchuzi hawezi kudai kesha kula pilau. Bi Mwalimu akaniunga mkono, kisha akatumia nusu saa kueleza kwamba waigizaji hawafanani na watu aliokuwa nao yeye kichwani.

Mie wangu ni Bwana Msa, yule mpelelezi wa kwenye riwaya. Sijifichi. Wenzangu wanataja vitabu vizito vya kukunja uso, mie nipe Muhammed Said Abdulla. Mzaliwa wa Makunduchi, na kabla ya kuingia kwenye magazeti alikuwa mtu wa afya, wa kukagua majumba ya watu. Mie nasema huko ndiko alikojifunza kuchungulia. Bwana Msa wa kwanza alichapwa 1960, na mpaka leo akiwasha kiko chake, sahibu yake Najum pembeni yupo mbioni kushangaa, mie chakula sitaki. Tatizo nakala zenyewe adimu. Niliyonayo ya zamani, karatasi zimegeuka rangi ya chai, na masika hulazimika kuitoa juani kwa sababu kuta za Mkunazini zinatoa jasho na ukungu hauchagui mwandishi.

Kitabu adimu ndicho kinachoazimwa. Anayekuja kukuazima huja mpole, haingii ndani, anasimama kizingitini. "Siku mbili tu, ami." Siku mbili! Nina kitabu kimekwenda Chake Chake kwa siku mbili, mwazimaji kaoa huko, kazaa, mtoto anatembea. Nikimpigia simu anapokea kwa furaha: "Ami! Sijakifungua bado, lakini kipo salama." Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri matako, hawa wa kwetu wamekaa nacho juu ya kabati, hakijasitiri chochote.

Basi nikafanya akili. Nikatafuta kitabu chakavu cha hisabati cha kidato cha pili, nikakichuna jalada, nikamvisha Bwana Msa. Nani ataazima hisabati? Nikakaa dukani roho yangu kwatu. Na kweli, yule wa "kwani una mtihani" alikuja, akatoa salamu zake zote mpaka za wa shamba, akaliona jalada, akatikisa kichwa kwa heshima, akaenda zake! Siku nzima sikusemeshwa. Nilisoma mpaka adhana ya laasiri.

Kumbe alikokwenda ni kunitangaza. Magharibi nafunga duka, jirani wa mtaa wa nyuma kasimama na wanawe wawili, madaftari kwapani, na boflo mbili za moto kwenye mfuko. Mara hii si ami tena. "Maalim, tumesikia. Watoto hawa hisabati imewashinda. Jioni tu, baada ya sala, na sisi hatutakuangusha." Nikataka kumweleza. Ningemwelezaje? Boflo zilikuwa zishaingia mkononi mwangu.

Mama watoto kafurahi hana mfano. Katandika mkeka sebuleni, kapika chai ya tangawizi, mlango umerudishwa, watoto wa nyumba wamenyamazishwa. Utulivu nilioutafuta umri wangu wote, nimepewa nikafundishe kutafuta X. Nikawapa hesabu ya kwanza, mwenyewe nikafungua "kitabu cha mwalimu" changu pembeni, nikajisogeza kwenye taa. Wale kimya, mie kimya, Bwana Msa anakaribia kulifumbua fumbo.

Nikahisi pumzi begani. Mdogo kainamisha shingo, anasoma.

"Maalim, mbona hesabu zako zina maiti?"

Nikamwambia hiyo mada ya kidato cha nne, hamjaifikia.