Funika na kidole gumba kabla hujachora

Mimi nina shida na vile tunafundishwa kuangalia kazi za sanaa. Unapewa karatasi imeandikwa kanuni za dizaini, mizani, mrudio, uwiano, msisitizo, umoja, halafu unaambiwa chagua kazi ya msanii yeyote, onyesha kila kanuni iko wapi, ukimaliza chora skechi zako mwenyewe ukiongozwa na hiyo kazi. Basi watu wanajaza tu, mizani iko, msisitizo uko, mrudio ndio ule pale, alama zinapatikana, halafu ikifika kwa skechi mtu anachora picha ile ile amebadilisha rangi. Na si wanafunzi peke yao. Ingia Instagram uone wachoraji wa hapa Nairobi, wana mikono ya ajabu kweli, mtu anakuchorea jasho kwa paji la uso na penseli tupu mpaka unatamani kulipangusa, lakini picha yenyewe ilipigwa na mtu mwingine, mwanga utoke wapi na kichwa kikatwe wapi aliamua yule wa kamera. Mkono umechoka, jicho halijafanya kazi yoyote.

Mimi naona hivi: kanuni huijui mpaka uiharibu. Chukua kazi, funika kitu kimoja na kidole gumba, angalia ni nini kimekufa kwa hiyo picha. Hicho kilichokufa ndiyo kanuni, na ndicho unabeba kwenda nacho kwa karatasi yako. Kitu chenyewe unakiacha kwa mwenyewe.

Tuchukue picha ambayo kila mtu ameiona hata kama hajui jina la aliyeichora, lile wimbi la bluu la Kijapani. Liko kwa tisheti, kwa kava za simu, na tangu 2024 liko nyuma ya noti ya yeni 1,000. Ni la Katsushika Hokusai, alilitoa karibu 1831 akiwa mzee wa kama miaka 70, ndani ya mfululizo wa picha za Mlima Fuji ulioitwa mandhari 36, ingawa zilipopendwa wakaongeza 10 zikawa 46 na jina likabaki lile lile. Na si picha kubwa vile watu hudhani. Ni chapa ya mbao, yaani mchoro umechongwa kwa ubao, ukapakwa rangi na kugandamizwa kwa karatasi, sentimita 25 hivi kwa 37, yaani inazidi A4 na haifiki A3.

Ifungue kwa simu yako. Anza na mlima, ule mdogo pale chini karibu na katikati ambao wengine huchukulia ni wimbi lingine. Ufunike. Umeona? Wimbi limepungua ghafla, limekuwa maji ya karai. Fuji ni mita 3,776, hakuna mlima mrefu kuushinda Japani nzima, na mzee ameuweka chini ya povu ukae mdogo hivyo, ndiyo maana maji yanatisha. Ukubwa wa wimbi hauko kwa wimbi, uko kwa mlima. Hiyo darasani tungeandika "uwiano" tukaendelea na swali linalofuata.

Sasa funika mashua. Ziko tatu, ndefu, zile za mbio zilizokuwa zikikimbiza samaki wabichi sokoni, na ndani wapiga makasia wameinama vichwa vimepangana mstari mmoja. Ukiwatoa unabaki na mandhari mazuri ya kuweka sebuleni kwa sababu hakuna mtu wa kuangukiwa. Halafu funika ile anga tupu upande wa kulia juu, sehemu ambayo ukiuliza watu kuna nini watakuambia hakuna kitu. Tisheti nyingi huikata ndio picha itoshee mraba, na hapo wimbi linakwama, zile kucha za povu hazina mahali pa kuangukia. Utupu ule ndio unakuambia kitu kinakuja. Kwangu hiyo ndiyo sehemu kali kuliko zote na ndiyo ya kwanza kutupwa.

Rangi huwezi kufunika na kidole, kwa hivyo geuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Bado inasimama. Bluu ile maarufu ilivumbuliwa Berlin ikafika Japani kwa biashara, na ni tamu sana, lakini si yenyewe inashikilia picha. Inayoshikilia ni giza na mwangaza, na ujanja wa povu na theluji kuwa weupe mmoja mpaka matone yanaonekana kama theluji inanyeshea Fuji.

Kitu kingine kinanifurahisha, huyu mzee alishachora mawimbi na mashua kitambo, mwanzoni mwa miaka ya 1800, na ukiziweka hizo za zamani kando ya hii unaona wimbi zito, limevimba tu, halina kucha. Yaani alikuwa anajifunika kidole mwenyewe kwa karibu miaka thelathini.

Sasa kwa skechi. Ukishamaliza kufunika, weka simu mbali, na nasema mbali, kwa mfuko, usirudi kuchungulia. Unabaki na maneno tu: kitu kikubwa kushoto kiko karibu kuanguka, watu wadogo chini yake wako na shughuli zao, kitu kikuu cha mbali kimefanywa kidogo, na kulia kuna nafasi tupu inayongoja. Hakuna bahari hapo, hakuna Japani. Mimi hayo maneno niliyapeleka Gikomba, lile soko la mitumba la Nairobi, asubuhi mapema, wakati beli, yale marobota ya nguo, zinafunguliwa. Kama hujawahi kuona, kamba zikikatwa nguo zilizokuwa zimebanwa vibaya sana zinafura zenyewe, wateja wa kamera, wale wa kuchagua nguo safi kabla ya wengine, washajipanga mikono juu, mwenye mali anashika rundo anarusha, na kwa sekunde moja mashati yako hewani mikono imefunguka yote inataka kushika kitu. Kucha hizo hapo! Chini yake mkokoteni unapita, kijana ameinamia mpini anapiga kelele kando kando, hana habari na nguo za mtu. Halafu mbali, katikati ya nguo na mkokoteni, nikaweka KICC, lile jumba refu la mikutano la katikati ya Nairobi, ndogo kabisa. Usiniulize kama inaonekana kutoka pale nilipokuwa, kwa karatasi yangu naiweka ninapotaka.

Hizo skechi ni ndogo ndogo, sentimita tano hivi kila moja, kalamu ya kawaida, maana ukichora kubwa unaanza kupamba vitufe vya shati na kusahau picha. Halafu unajifunika kidole mwenyewe. Nilipomfunika mwenye mali hakuna kilichokufa, mikono ya wateja ilitosha kusema nguo zimerushwa, basi akatoka. Nilipofunika KICC beli ikawa beli tu, ikarudi haraka.

Lakini pale Gikomba ilinikatalia sehemu moja, na hapa ndipo naona utamu wote uko. Gikomba haina nafasi tupu. Kulia kuna mabati, nyaya, miavuli, mama wa chai, viatu vimening'inizwa, huwezi kupata anga ya Hokusai hata ukilipia. Ningeweza kufuta hayo yote niache weupe, na ingekuwa picha ya uongo. Nilichofanya ni kushusha jicho, nikachuchumaa, na turubai la kibanda cha jirani likaja mbele likajaza upande mzima wa kulia, limenyooka, halina alama, halina mtu. Tupu yangu ikawa turubai. Mahali pakikataa mpangilio ulioazima, ndipo unalazimika kufikiria, na kuanzia hapo hakuna mtu atakuambia umechora wimbi la Kijapani.

Jaribu pia na kitu kilichosimama. Pale Kimathi Street, Nairobi, kuna sanamu ya Dedan Kimathi, yule kiongozi wa Mau Mau, kazi ya Kevin Oduor, ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe. Vuka barabara, fumba jicho moja, funika jukwaa aliloinuliwa. Kimathi anashuka anakuwa mtu wa mjini anayengoja mtu. Fungua, sasa funika jambia la mkono wa kushoto, mwili wote unalalia upande wa bunduki. Kwa hivyo nini cha kubeba? Mtu aliyeinuliwa kidogo juu ya wengine, mikono miwili ina uzito tofauti. Mimi hapo naona makanga mlangoni mwa matatu, kidato kimemwinua, mkono mmoja kwa chuma, mwingine na noti zimekunjwa katikati ya vidole. Wengine wataona kitu kingine, sawa tu.

Najua kuna wa kusema huu ni wizi wenye akili. Henri Rivière wa Ufaransa alitoa picha 36 za Mnara wa Eiffel mwaka wa 1902, hata idadi hakuificha, kila mtu alijua ametoa wapi. Alichochukua kwa Hokusai ni ile jeuri ya kuweka kitu maarufu mbali, nyuma ya paa au watu wanaofanya kazi zao, badala ya kukipiga katikati kama picha ya pasipoti. Zitazame hizo picha uniambie kama kuna moja unaweza kudhani ni ya Hokusai. Van Gogh kabla yake, 1887, alinakili chapa za Hiroshige, Mjapani mwingine wa chapa za mbao, kwa rangi ya mafuta moja kwa moja, na kama zoezi sina neno nayo, nakili ujue mkono unaenda wapi. Tatizo langu ni mtu akinakili, akatia sahihi, akaweka bei.

Na msingoje mpaka mtu awatumie picha kwa simu. Nairobi Gallery iko pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway, ile nyumba ya zamani ya PC, mkuu wa mkoa, iliyojengwa 1913, na ndani kuna mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa Kenya. Nenda siku ya wiki kuna utulivu, chagua kazi moja tu usizunguke zote, ukae nayo mpaka uchoke. Kidole kiwe karibu na jicho lako tafadhali, si kwa kazi za watu.