Utundu wanausifia, mtundu wanamwacha peke yake

Nianze na chumba kimoja kidogo, kiko chini kabisa ya jengo namba 16 pale MIT, kile chuo cha teknolojia cha Massachusetts ambacho watu wengi wanaopenda kompyuta wamewahi kukiota. Ni chumba cha nyaya tu, za simu na za mtandao. Mwishoni mwa 2010 humo ndani kulikuwa na laptopu imefunikwa boksi, pembeni ina diski ya nje, na waya wake umechomekwa moja kwa moja kwenye swichi ya chuo. Programu fupi iliyoandikwa kwa lugha ya Python ilikuwa inavuta makala za kitaaluma kutoka JSTOR, hifadhi ya mtandaoni ambayo vyuo hulipia ili kusoma makala zake, moja baada ya nyingine, mpaka zikafika mamilioni. Watu wa mtandao wa chuo walipoikuta mwanzoni mwa Januari 2011 hawakuiondoa, waliweka kamera, na siku mbili baadaye kamera ikamnasa kijana anaingia ameshika kofia ya baiskeli mbele ya uso, anachungulia kwenye vitobo vyake. Siku hiyohiyo akakamatwa. Aaron Swartz, miaka 24.

Huyu ndo yule ambaye akiwa na miaka 14 tu alikuwa mmoja wa walioandika RSS 1.0, mfumo wa tovuti kusambaza habari zake mpya, akashiriki kujenga Creative Commons, leseni za kuruhusu watu kutumia kazi za wengine bure, ikiwa changa kabisa, akawa kwenye mtandao wa majadiliano wa Reddit siku zake za mwanzo. Hakuwa mwanafunzi wa MIT, wakati huo alikuwa mtafiti Harvard, na hilo ni muhimu kulisema manake watu wengi wanachanganya. Ila MIT mtandao wake ulikuwa wazi kwa wageni, ukiingia kampasi unaunganisha mashine yako unaendelea na shughuli zako, na chuo kilikuwa kinajivunia hilo miaka yote. Mlango wa kile chumba nao, upande wa utetezi ulisema, haukuwa umefungwa, mpaka kuna mtu asiye na makazi alikuwa anahifadhi vitu vyake humo.

Nimekuwa nikiirudia hii habari kwa miaka sasa, na kila nikirudi naona ni kubwa kuliko kesi ya mtu mmoja. Inahusu vyuo vya teknolojia vinalea watu wa namna gani, na kinachotokea siku mtu huyo waliyemlea akigonga ukuta.

Kiswahili chetu kina bahati hapa. Sisi tuna utundu na tuna udukuzi, maneno mawili tofauti. Mtoto akifungua redio aone ndani kuna nini tunasema ni mtundu, tunamgombeza lakini tunacheka, manake tunajua huyo ana akili. Mdukuzi ni mwingine kabisa, huyo tunamfikiria na pingu. Kiingereza kina neno moja tu kwa yote mawili, hack, na matumizi yake haya ya kiteknolojia yalikulia MIT yenyewe, kwenye klabu ya wanafunzi waliokuwa wanacheza na treni ndogo za umeme, TMRC, miaka ya 50, kabla hawajahamia kwenye kompyuta. Kwao lilikuwa na maana ya utundu. Kazi ya akili, nzuri, isiyoombwa ruhusa.

Na chuo kinaupenda utundu, tena sana. Mei 1994 watu waliamka wakakuta gari la polisi liko juu ya kuba kubwa la jengo kuu, taa zinawaka. Kumbe ni bodi ya Chevrolet Cavalier imefungwa vipandevipande kwenye fremu ya mbao, ndani ameketi polisi wa sanamu na boksi la donati. Hilo gari leo liko ndani ya jengo la Stata, wageni wanapiga nalo picha. Au lile daraja la Harvard, ambalo wanafunzi walilipima mwaka 1958 kwa kumlaza mwenzao Oliver Smoot chini mara mamia, wakapata urefu wa smooti 364.4 na sikio moja, alama zake zinapakwa rangi upya mpaka leo, na Smoot mwenyewe alikuja kuwa mwenyekiti wa ANSI, shirika la viwango la Marekani, afu rais wa ISO, shirika la viwango la dunia. Ni hadithi nzuri, mi nazipenda kwa dhati, zilinifanya nione kwamba uhandisi unaweza kuwa na furaha ndani yake. Mtu aliyebeba bodi ya gari usiku mpaka juu ya kuba amejifunza mambo ya mizigo, kamba na kushirikiana ambayo darasani angeyasikia tu.

Lakini angalieni hadithi zipi zinawekwa kwenye makumbusho. Ni zile ambazo hakuna mtu wa nje aliyekasirika.

Septemba 2007 mwanafunzi wa kike wa MIT, miaka 19, alienda uwanja wa ndege wa Logan kumpokea rafiki yake amevaa sweta ambalo kifuani amebandika ubao wa saketi wenye taa ndogo za LED zilizopangwa mfano wa nyota, na betri ya volti 9. Kitu cha kujitengenezea, kwenye kampasi yake hakuna hata ambaye angegeuza shingo. Uwanjani wakadhani ni bomu, polisi wakamzunguka na bunduki. Sawa, polisi wa uwanja wa ndege Boston, miaka 6 baada ya Septemba 11, naelewa wakishtuka. Nisichoelewa ni chuo chake. Siku hiyohiyo, kabla hajapata hata nafasi ya kueleza upande wake mahakamani, kilitoa taarifa kwa umma kwamba kwa walivyoelezwa na mamlaka, alichofanya ni uzembe na inaeleweka watu kuogopa. Siku hiyohiyo! Mashtaka ya kuwa na bomu bandia yakaja kufutwa mwaka uliofuata. Maneno ya chuo yakabaki palepale.

Mwaka uliofuata, Agosti 2008, ikawa zamu ya wanafunzi watatu waliogundua tiketi za usafiri wa Boston zina udhaifu. Ilikuwa kazi ya darasani, somo la profesa Ron Rivest, ambaye ndo herufi R kwenye RSA, ile njia maarufu ya kuficha data kwa hesabu, sidhani kama kuna mwalimu wa usalama wa mitandao mwenye jina zaidi ya huyo. Walitaka kuwasilisha kwenye DEF CON, mkutano wa wadukuzi unaofanyika Las Vegas. Mamlaka ya usafiri, MBTA, ikaenda mahakamani, ikawashtaki wao na chuo pamoja, jaji akawazuia wasiongee. Mkutano ukapita. Na wakati huohuo slaidi zao zilikuwa tayari ziko kwenye CD walizogawiwa washiriki, na ripoti yao ya siri yenye maelezo mengi kuliko slaidi iliingia kwenye kumbukumbu za wazi za mahakama, iliyoipeleka ni MBTA yenyewe kama ushahidi. Siku 10 baadaye zuio likaondolewa. Waliowatetea vijana walikuwa EFF, shirika la nje la kutetea haki za watu mtandaoni, linaloishi kwa michango.

Turudi kwa Swartz sasa, manake hapa ndo panaponiuma. JSTOR, ambao makala zao ndo zilichukuliwa, walimalizana naye, akarudisha data, wakasema hadharani hawana haja ya kuona anashtakiwa. Serikali ya Marekani ikaendelea. Julai 2011 waendesha mashtaka wakatangaza anaweza kufungwa mpaka miaka 35, Septemba 2012 makosa yakaongezwa kutoka 4 yakawa 13. Baba yake, ambaye alikuwa anafanya kazi ya ushauri palepale MIT kwenye Media Lab, maabara ya utafiti ya chuo, aliwafuata wakuu wa chuo akawaomba waseme neno. Fikiria baba, mtu wa ndani ya nyumba, anagonga mlango wa ofisi za watu anaofanya nao kazi anaomba sentensi moja tu. Jibu la chuo mwanzo mpaka mwisho likawa hatuegemei upande wowote. Tarehe 11 Januari 2013, Aaron alijitoa uhai, miaka 26.

Baada ya hapo rais wa chuo akamwomba profesa Hal Abelson achunguze, na ripoti ikatoka Julai 2013. Nimeisoma, ni ya haki, haifichi mambo. Inasema chuo hakikumlenga Swartz wala hakikuomba serikali imshtaki, ila kilikosa nafasi ya kuonyesha uongozi ambao chenyewe kinajisifia. Mi nasema zaidi ya hapo. Kutoegemea upande, wakati upande mmoja ni serikali ya Marekani yenye magereza na upande wa pili ni kijana mwenye laptopu, huko ni kuegemea. Ukikaa kimya mzani unalala kule kwenye uzito na wewe unajua utalala kule.

Na nadhani najua hii tabia inatoka wapi, manake mi mwenyewe nafanya kazi na mashine na nimeikuta kichwani mwangu. Ukifundishwa miaka minne kwamba swali zuri ni lile lenye jibu moja, maswali ya haki na dhuluma unayaona ni kelele, unataka uyatoe kwenye mfumo ubaki na kitu safi. Waya hauna upande, paketi haina upande, basi na sisi hatuna. Inaonekana ni busara kabisa ukiwa ndani.

Ila sa sikiliza kilichokuwa kinaendelea mwaka uleule wa 2013, chuo kilekile. Kuna pesa zilikuwa zinaingia Media Lab kutoka kwa Jeffrey Epstein, mtu aliyekwisha kutiwa hatiani Florida mwaka 2008 kwa kosa la kingono lililomhusu mtoto. Uchunguzi wa mawakili uliotolewa Januari 2020 ulisema makamu wa rais watatu wa chuo walijua hizo pesa, walijua na hatia yake, na mwaka 2013 wakaelewana zipokelewe, ziwe kiasi kidogo na zisitangazwe. Jumla alitoa dola 850,000 kati ya 2002 na 2017, sehemu kubwa kwa Media Lab, na alitembelea kampasi si chini ya mara 9 baada ya kuwa ametoka jela. Alikuwa anaingia mlangoni kama mgeni wa heshima. Mkurugenzi wa Media Lab, Joi Ito, akaja kujiuzulu Septemba 2019 baada ya waandishi kuyaanika, na sehemu ya yaliyoanikwa ilitoka kwa mfanyakazi wa zamani wa ofisi ya michango ambaye alikuwa amelalamika humohumo ndani na hakusikilizwa.

Kwa hiyo walijua kukaa vikao vya mambo magumu ya utu. Walikaa, wakapima sifa ya chuo, wakatafuta njia ya katikati, wakampatia mtu upenyo. Wahenga walishasema mkono mtupu haulambwi. Kijana mwenye makala hakuwa na kitu mkononi cha kumpa mtu, akaambiwa hatuna upande, na mwenye hundi akatafutiwa upenyo.

Na Media Lab hiyohiyo, kuanzia 2017, ilikuwa na tuzo ya dola 250,000 kwa watu waliokaidi kwa ajili ya haki. Waliopewa walistahili kabisa, wa kwanza walikuwa waliofichua maji ya bomba yenye madini ya risasi pale mji wa Flint, Marekani. Lakini yule mfanyakazi aliyekaidi humohumo ndani hakupewa hata masikio.

Najua kuna mtu atasema chuo hakiwezi kumkinga kila mwanafunzi na sheria, akivunja aadhibiwe. Sawa, na mi sijaomba hivo. Swartz alijificha uso, alijua kuna mstari amevuka, na watu wengine wa chuo walikosa makala za JSTOR siku kadhaa kwa sababu yake, manake JSTOR walifungia chuo kizima kwa muda. Angeweza kupewa adhabu ya kiasi chake. Ninachodai ni kidogo sana: taasisi iliyofungua milango, iliyofundisha watoto wa watu kwamba kuomba ruhusa ni uvivu wa akili, iliyotangaza 2001 kwamba masomo yake itayaweka bure kwenye intaneti dunia nzima isome, isimame mbele ya jaji iseme sisi tunaijua hii hali, kwetu hii haina ukubwa wa miaka 35. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, na mlezi hawezi kukataa kuitwa shahidi.

Kuna kitu kimoja kilibadilika na nakitaja kwa sababu kilipatikana kwa kupiga kelele, hakikudondoka. Mwishoni mwa 2013 wanafunzi wanne wa MIT waliokuwa wametengeneza kwenye hakathoni, yaani mashindano ya kuunda programu kwa muda mfupi, programu ya majaribio, Tidbit, ya kuchimba bitcoin, sarafu ya kidijitali, kwenye kivinjari cha msomaji badala ya kumwonyesha matangazo, waliletewa hati ya kisheria na jimbo la New Jersey. Walikuwa hawajapata hata senti kwa hiyo programu. Mwanzoni jibu la chuo lilikuwa yaleyale, katafuteni wakili wenu. Wanafunzi na walimu wakaandika barua ya wazi, wengine walitaja jina la Swartz, na safari hii rais wa chuo akajibu kwa maandishi kwamba anawaunga mkono vijana na akasema chuo kinahitaji mahali ambapo mwanafunzi atapata msaada wa kisheria asioufadhili mwenyewe. Kesi ikamalizwa 2015, na baadaye ikaanzishwa kliniki ya sheria ya teknolojia pamoja na Chuo Kikuu cha Boston, ng'ambo ya mto. Mwanafunzi mwenye kitu anachohisi kitamletea matata anaenda anauliza kabla hajakiachia, na hati ikija anakuwa na mtu wa kumpigia simu.