Corinthian FC: uungwana wa kweli au jeuri ya watoto wa kishua?

Mashabiki wanaolalamikia mishahara ya wachezaji wa siku hizi wana timu yao ya kututolea mfano, Corinthian ya London. Timu ya ridhaa, hakuna kulipana, na inasimuliwa wakipata penati wanapiga nje makusudi, wakiadhibiwa wao kipa anaegemea nguzo ya goli mpira upite zake, eti muungwana hawezi kumchezea mwenzie rafu kwa kukusudia. Stori tamu sana, ila mi naona inasimuliwa nusu.

Haki yao tuwape kwanza. N. Lane Jackson, kiongozi wa soka wa England, aliianzisha 1882 kwa sababu England ilikuwa inachapwa tu na Scotland, 6-1 mwaka 1881 halafu 5-1 mwaka uliofuata, akataka wachezaji wazuri wawe pamoja wazoeane. Na ikakubali. 1884 walimpiga Blackburn Rovers 8-1 akiwa ndio kwanza kabeba Kombe la FA (chama cha soka cha England), 1904 Man United akala 11-3, na 1894 kikosi cha England kilichocheza na Wales wote 11 walikuwa Corinthian. Kwa hiyo anayesema walikuwa wanajifurahisha tu hajui anachosema.

Sasa jiulize, nani alikuwa na ubavu wa kucheza bure? Hawa walitoka vyuo vikuu vya Oxford, Cambridge na zile shule za wenye nazo. Kibarua wa kiwanda cha nguo Lancashire, kaskazini mwa England, akikosa kazi ili awahi mechi, siku hiyo nyumbani hakuna hela, na timu ya huko huko, Preston, ilivyokiri 1884 kwamba inalipa wachezaji ikatupwa nje ya Kombe la FA, mpaka mwaka uliofuata FA ikaruhusu malipo. Ridhaa ilikuwa sifa lakini pia ilikuwa geti la kumfungia nje asiye na hela. Halafu kanuni za Corinthian wenyewe zilikataza kugombea makombe, wakaja kuingia Kombe la FA 1923, na japo mwaka uliofuata walimtoa Blackburn, robo fainali hawakuwahi kuiona. Kupiga penati nje kwenye mechi ya kirafiki sio mtihani mkubwa kihivyo.

Ila kuna kitu kinanikatalia kuwafuta kabisa. 1910 walienda Brazil, na mafundi rangi, dereva, fundi viatu na vibarua wa mtaa wa Bom Retiro, São Paulo, wakaipenda mpaka wakaanzisha timu yao Septemba mwaka huohuo na kuipa jina hilohilo. Watu ambao kule London wasingepewa hata fomu ya uanachama! Ndio Corinthians hao hao waliomfunga Chelsea 1-0 fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia 2012, na kwao mchezaji analipwa vizuri tu, hakuna aliyeona jina limechafuka.

Ile ya London iliungana na timu nyingine ya ridhaa, Casuals, 1939, sasa inaitwa Corinthian-Casuals, iko Tolworth kwenye ligi za chini na mpaka leo hailipi mchezaji. Hawa ndio nawaheshimu kuliko mababu zao, maana sasa hivi haulizwi umesoma wapi, unaulizwa kama unajua mpira, wenzao kwenye ligi wanalipa wao wanakaza. Ila gharama yake ipo, kijana aking'aa akaitwa na timu ya jirani yenye hela ya nauli na chenji kidogo anaenda, na kwa kodi za nyumba za London mi simlaumu.