Usiilaumu xdist kwa majaribio yanayotegemeana

Kila anayetunza zana ya kuendesha majaribio ya Python sambamba amewahi kuletewa lalamiko hili: "Nikiendesha kawaida, yote yanapita. Nikiweka -n 4, yaani yaende kwa michakato minne kwa pamoja, matatu yanafeli. Zana yenu mbovu." Mimi huitumia pytest-xdist, nyongeza ya zana ya majaribio pytest inayoyaendesha sambamba, kazini kila siku na nimeusoma msimbo wake, na msimamo wangu ni kwamba mara nyingi zana iko sahihi. Watunzaji wake wasikubali kushinikizwa waifunge mdomo.

Tuanze na inavyofanya kazi. Wengi hudhani ukiandika `pytest -n 4`, mchakato mkuu unayagawa mafaili mafungu manne. Sivyo. Unawasha michakato minne ya Python kupitia maktaba ya execnet, gw0 hadi gw3, inayoitwa wafanyakazi, na kila mfanyakazi anakusanya majaribio yote peke yake, la kwanza hadi la mwisho. Mchakato mkuu kisha unalinganisha orodha zile nne. Zikiwa sawa, kazi hugawiwa kwa namba tu: wewe la 17, wewe la 18. Zikitofautiana, hata kwa mpangilio tu, kazi inasimama hapo hapo.

Na hapo ndipo wengi hukasirika. Mtu ameandika `parametrize`, inayorudia jaribio moja kwa thamani mbalimbali, na kuipa seti ya maneno. Tangu Python 3.3 ya mwaka 2012, heshi za maneno, yaani namba zinazoamua mpangilio wa seti, hubadilika kutoka mchakato mmoja hadi mwingine, kwa hiyo gw0 anaisoma seti kwa mpangilio wake na gw1 kwa wake. Ukiendesha kwa mchakato mmoja unaweza kukaa na kasoro hiyo miaka bila kuiona. Kuiondoa ni kazi ndogo, weka `sorted()` au tumia orodha ya kawaida. Lakini wapo wanaotaka xdist izipange orodha upya yenyewe kimyakimya. Naomba isifanye hivyo kamwe. Orodha zikitofautiana kwa sababu nyingine, tuseme faili lililosomwa nusu, tutakuwa tumempa mfanyakazi namba ya jaribio ambalo silo, na ripoti itatudanganya.

Matayarisho ya majaribio (fixtures) yaliyoandikwa `scope="session"` nayo yana kisa chake. Watu huamini yatafanyika mara moja. Ni kweli, mara moja kwa kila mfanyakazi. Wafanyakazi wanne wanakimbilia kuunda jedwali lile lile la hifadhidata, kama wapishi wanne waliopewa sufuria moja. Django, mfumo wa kujengea tovuti kwa Python, ililitatua hili vizuri katika toleo la 1.9, Desemba 2015: ukiendesha majaribio yake sambamba, kila mchakato hupata nakala yake ya hifadhidata. xdist haiwezi kukufanyia hivyo kwa sababu haijui unatumia hifadhidata gani, au kama unayo. Inachokupa ni kigezo cha mazingira, PYTEST_XDIST_WORKER, chenye jina la mfanyakazi, nawe utoe humo jina la hifadhidata au la folda. Kwangu huo ni uamuzi wa heshima. Zana isijifanye inajua isichokijua.

Dawa inayopendwa siku hizi ni kurudia jaribio lililofeli hadi lipite. Naipinga inapowekwa kwa mradi mzima. Jaribio linalogusa mtandao wa kweli linaweza kuruhusiwa kurudiwa, tena liandikwe hivyo wazi, lenyewe peke yake. Ukiruhusu yote, umezima taa iliyokuwa inakuonyesha majaribio mawili yanayoandika faili moja, na kesho mteja ndiye atakayeligundua kosa hilo.

Lipo pia ombi linaloonekana dogo: mfanyakazi apewe jaribio moja moja, ili lile la dakika mbili lisizuie jingine nyuma yake. Ugumu umo ndani ya pytest yenyewe. Kabla ya kumaliza jaribio, lazima ijue linalofuata, la sivyo haitajua matayarisho yapi iyabomoe na yapi iyaache. Kwa sababu hiyo mfanyakazi hubaki na jingine kwenye foleni. Mwaka 2023 ukaja mtindo wa `worksteal`, ambao mfanyakazi aliyemaliza huchukua kazi iliyobaki kwa mwenzake. Suluhisho zuri, lakini sasa mitindo ya kugawa imefika sita, na kila mmoja ni ahadi ambayo mtu fulani anaibeba, mara nyingi kwa muda wake wa jioni. Ndiyo maana niliunga mkono kustaafishwa kwa `--looponfail`, chaguo la kurudia majaribio yaliyofeli kila faili likibadilika. Kupunguza ni sehemu ya kutunza.

Mbele yetu kuna jambo kubwa zaidi. Python 3.13, Oktoba 2024, ilikuja na toleo la kujaribia lisilo na GIL, kufuli linaloruhusu uzi mmoja tu kutekeleza msimbo wa Python kwa wakati mmoja, matunda ya PEP 703, pendekezo la Sam Gross. Tayari wapo wanaouliza kwa nini xdist isihamie kwenye nyuzi (threads), ambazo huenda pamoja ndani ya mchakato mmoja na ni nyepesi kuliko michakato. Mimi sioni haraka hiyo. Nyuzi za mchakato mmoja zinashiriki `os.environ` (vigezo vya mazingira), folda ya kazi, na kila moduli uliyoibadilisha kwa muda kwa `monkeypatch`. Ikiwa majaribio yetu yanagongana hata yakiwa kwenye michakato tofauti, huko yatagongana mara kumi. Tuyatenganishe kwanza.

Kwa hiyo ukikutana na hitilafu, kabla ya kuwaandikia watunzaji fanya hivi. Endesha na `-n 0`, yaani bila wafanyakazi, kisha `-n 1`. Jaribio likipita kwa `-n 0` na kufeli kwa `-n 1`, huenda kweli tatizo liko upande wa xdist, kwa mfano jaribio linalotegemea `-s` (kuonyesha maandishi moja kwa moja kwenye skrini) au kusoma kutoka kibodi, njia ambazo execnet imezichukua kwa mawasiliano yake. Andika ripoti, taja matoleo, weka mfano mfupi. Likianza kufeli kwa `-n 2`, tafuta kwanza poti, faili au jedwali ambalo majaribio yako yanaligombania.