Deni la Mwaka 2080

Ukiwa karani wa tajiri wa Kihindi pale Kisutu, Dar es Salaam, Diwali, sikukuu yao ya taa, inakuhusu utake usitake, maana ndiyo siku ya bahasha. Mwaka 2023 iliangukia Jumapili, Novemba 12. Duka limefungwa, lakini wafanyakazi wote tulifika, nywele tumechana, macho kwenye droo ya tajiri.

Siku hiyo wafanyabiashara wa Kigujarati huombea vitabu vya hesabu, ibada wanayoiita chopda pujan. Hesabu za zamani zinafungwa, vitabu vipya vinafunguliwa mbele ya picha za miungu yao: Lakshmi, mwenye mali zake, na Ganesh, muondoa vikwazo. Siku hizi mauzo yetu yote yako kwenye kompyuta, basi nayo ikawekwa pale, ikapakwa poda nyekundu usoni. Ilitulia kuliko sisi.

Kijana wa stoo ndiye aliyetumwa kukusanya vitabu mezani kwangu. Mtiifu kupita kiasi yule, akabeba mpaka kidaftari changu cha kukopea kwa Mangi, mwenye duka la mtaani kwetu, jalada limelowa mafuta ya taa. Nilikiona kimelala kati ya tambuu na popoo, maharaj, kuhani wao, ameshaanza kusoma dua. Utamkatisha vipi?

Tajiri akakiokota. Akakitazama, akanitazama, uso ukamchanua.

"Karani! Kumbe na wewe una biashara yako? Safi sana!"

Mkewe akapiga makofi. Mama yake, bibi kizee wa watu, akaniwekea mkono kichwani. Hapo ndipo niseme ni deni la dagaa?

Tajiri akafungua ukurasa mweupe, akaandika Shri, neno lao la baraka, kwa hati yao, chini yake Shri mbili, chini yake tatu, mpaka ikawa piramidi. Juu kabisa akaandika mwaka kwa wino mwekundu: 2080. Kalenda yao ya Vikram imeitangulia hii yetu kwa miaka 57, na mwaka mpya wa Kigujarati ulikuwa unaingia wiki ileile. Maharaj akanyunyiza mchele na poda, akaomba yaliyomo yaongezeke. Dua hiyo ilinikata tumbo.

Tukapewa bahasha na boksi la ladu na barfi, tukaondoka.

Kesho yake nikaenda kwa Mangi, nataka sukari. Akafungua kidaftari, punje mbili za mchele zikadondoka kaunta. Akarudi nyuma, akachukua rula, akawa anafunua kurasa kwa rula.

"Karani, hii damu?"

"Poda, Mangi. Sikukuu ya Wahindi."

"Na hii talasimu?"

"Dua ya biashara."

"Biashara ya nani? Humu mna madeni yangu!" Rula ikapanda mpaka juu. Akasoma polepole, kwa sauti, watu wote wasikie: "Elfu mbili na themanini." Mama aliyekuwa anapimiwa mafuta akageuka kuniangalia. "Yaani umekwenda mpaka kwa mganga, akuandikie unilipe mwaka 2080?"

Nikamweleza habari ya kalenda, nikamweleza ile miaka 57. Mangi hachezi mbali na kikokotoo. Akabonyeza, akanionyesha kioo: "Nitakuwa na miaka mia moja na tatu."

Katika kujitetea ndipo ulimi ukateleza. Nikasema hakuna uganga, ni siku tu ambayo Wahindi wanafunga hesabu zote za zamani.

"Zote?"

"Zote, Mangi."

"Basi na sisi tufunge."

Foleni nzima ikaitikia "eeeh" kama iko msikitini. Bahasha nayo, haina adabu, ilikuwa inachungulia mfukoni mwa shati. Mangi akahesabu noti mara mbili, akanirudishia chenji ya sarafu, akachukua barfi mbili: moja yake, moja ya mkewe, "naye aonje sikukuu".

Akashusha rafuni daftari jipya, akaandika jina langu, na chini yake deni la kwanza: daftari, shilingi 500.