Anayeburuta mkia apewe zawadi?

Ndugu zangu wa Tanga mnanicheka kwamba huku Ottawa nimeanza kushabikia hoki ya barafu. Wa kulaumiwa ni kipa mmoja, Andrew Hammond.

Februari 2015 Senators, timu ya hapa Ottawa kwenye NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, walikuwa pointi 14 nyuma ya nafasi ya mwisho ya kuingia mtoano. Makipa wao wawili wakaumia, akaitwa huyu kutoka timu yao ya daraja la chini, ambako wala hakuwa tishio. Akashinda mechi 20, akapoteza 1 ndani ya dakika 60 na 2 baada ya hapo. Na NHL kuziba pengo ni kazi kwelikweli: anayefungwa muda wa nyongeza anaondoka na pointi 1, kwa hiyo wewe unashinda, walio mbele yako wanakutana, na wote wawili wanaokota pointi. Jina la utani la Hammond, "Hamburglar", lilitokana na mwizi wa hambaga wa kwenye matangazo, basi mashabiki wakawa wanarusha hambaga uwanjani. Curtis Lazar akaokota moja pale kwenye barafu, akaing'ata! Tarehe 11 Aprili, mechi yao ya 82, wakaifunga Philadelphia 3-1 wakaingia. Montreal wakawatoa raundi ya kwanza, hilo tuliache.

Hapo nawaonea wivu. Kwetu, tangu Azam wabebe ubingwa 2014, kombe la ligi halitoki Kariakoo kwa Simba na Yanga, na ikifika Machi wengi wanacheza ili wasishuke tu.

Ila msimu uleule wa Hammond, timu ya Buffalo walikuwa mkiani. NHL hakuna kushuka daraja. Wa mwisho ndiye anayepata nafasi nzuri zaidi ya kuchagua vijana wapya. Siku moja ya Machi, Arizona wakawafunga Buffalo kwao, muda wa nyongeza, na mashabiki wa Buffalo wakashangilia. Walishangilia kufungwa! Jaribu hilo uwanja wa Mkwakwani, Tanga, uone kama utapata bodaboda ya kukurudisha nyumbani.

Mwaka 2016 Coastal Union, African Sports na Mgambo zilishuka kwa pamoja, Tanga nzima ikanuna. Coastal hawakupewa cha kuwafariji. Wakarudi 2018 kwa kucheza, na 2024 wakamaliza wa nne. Buffalo walipewa kijana Jack Eichel, na tangu hapo hadi msimu wa 2025 unakwisha walikuwa hawajaingia mtoano hata mara moja.